Jinsi ya Kusoma na Kutafsiri Neno "Prithee"

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi aliyekuwa akitafsiri onyesho moja la Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, ambaye kila alipokutana na prithee, neno la Kiingereza cha zamani, aliandika "tafadhali", hata wahusika wake wakawa wanaongea kama wahudumu wa mapokezi hotelini.

Hatua ya 1. Fumua neno. Prithee ni mkato wa I pray thee, yaani "nakuomba". Tumia kamusi ya kihistoria, hasa Oxford English Dictionary; programu za kutafsiri za kwenye simu ziweke kando, kwani hutoa kisawe kimoja bila historia yake.

Hatua ya 2. Tazama nani anamwambia nani. Hapa usiharakishe. Thee ni nafsi ya pili umoja ambayo, enzi za Shakespeare, kwa kawaida aliambiwa mtoto, mtumishi, mwandani au Mungu, ilhali mkubwa aliambiwa you. Kwa hiyo prithee ina adabu, ila ni adabu ya kumwambia mtu wa karibu au wa chini. Macbeth, mkewe anapomsuta kwa woga, hujibu "Prithee, peace", na "hebu nyamaza" inafaa kuliko "tafadhali nyamaza", kwa sababu hebu hubeba ombi na kero kwa pamoja. Hata hivyo, usiifanye kanuni hii kuwa msumari: katika King Lear, mchekeshaji humwambia mfalme "Prithee, nuncle", yaani "nakuomba, mjomba", akimtaka aajiri mwalimu wa kumfundisha yeye mchekeshaji kusema uongo. Mfalme humtishia mjeledi, lakini ni kwa ajili ya huo uongo, si kwa kuitwa hivyo. Anayeujua utani wa makabila yetu ataelewa uhuru huo mara moja. Mwishoni mwa tamthilia hiyohiyo, Lear anapoomba afunguliwe kifungo cha nguo, husema "Pray you" na kushukuru kwa sir. Hapo ndipo "tafadhali" na "asante, bwana" hustahili.

Hatua ya 3. Chagua kati ya hebu, nakuomba na nakusihi.

Hatua ya 4. Soma sentensi kwa sauti, ikiwezekana na mwenzako akijibu upande wa pili, maana kero au upendo uliomo hausikiki vizuri kwa kusoma kimya.

Hatua ya 5. Ukiandika Kiingereza chako mwenyewe, tumia please. Prithee katika barua ya kuomba kazi itasomwa kama mzaha.