SOMO: Kabla hujaleta bunduki ya marisau kwa fundi

Kila masika yanapokwisha naletewa bunduki zilezile zenye ugonjwa uleule, na kila mwenye bunduki huuliza namna ya kuisafisha na kuihifadhi, swali ambalo nimekwisha kulijibu mara nyingi, kwa hiyo naandika hapa kwa ukamilifu. Somo ni la wenye vibali tu, na linahusu shotgani ya mitutu miwili inayokunjwa, ambayo wakulima wengi wa huku Tanga huitumia dhidi ya nguruwe pori na nyani.

Hatua ya 1. Ikunje, toa risasi zote, kisha zipeleke chumba kingine.

Hatua ya 2. Papasa chemba zote mbili (sehemu za nyuma za mitutu zinamokaa risasi) kwa kidole, hata kama umekwisha kuzitazama.

Hatua ya 3. Pitisha brashi ya shaba kuanzia upande wa chemba, kisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke cheupe.

Hatua ya 4. Elekeza mitutu dirishani na uchungulie mwanga kutoka upande wa chemba. Msiipuuze hatua hii, kwa sababu mimi niliipuuza nikiwa bado mwanafunzi wa ufundi: kitambaa kilichomoka kwenye kijiti kikabaki katikati ya mtutu wa kushoto, nikaifunga bunduki na kumkabidhi mwenyewe. Alipofyatua, marisau yalipita, lakini mtutu ulivimba mahali pale, na ulipouchungulia uliona pete nyeusi ya kivuli, nyembamba kama uzi, imezunguka ukuta uliokuwa uking'aa. Mtutu ule haukutengenezeka, na ungeweza kupasuka karibu kabisa na mkono wake wa kushoto. Tope, kiota cha nyigu na hata mafuta mengi yaliyoganda vinaweza kuleta madhara ya namna hiyo. Ukiona pete, usifyatue tena hata mara moja.

Hatua ya 5. Tone moja la mafuta kwenye bawaba linatosha. Nje futa kwa kitambaa kilichopakwa mafuta kidogo.

Hatua ya 6. Ifungie katika kabati la chuma, bila mfuko wake, kwa kuwa ngozi na sponji hushika unyevu, na kutu ya pwani haihitaji wiki mbili.

MASWALI

Mkulima wa Handeni: Fundi, yangu inagonga lakini hailipuki. Nipe dawa ya haraka.

Jibu: Hujasema fataki, yaani kile kiduara kitakoni mwa risasi kinachogongwa na pini, ina alama gani. Alama ikiwa hafifu, mara nyingi pini imenata kwa mafuta yaliyokauka au springi imechoka. Ikiwa nzito, shuku risasi. Risasi ikikataa, elekeza mtutu upande salama kwa sekunde 30 kabla ya kukunja.

Mkulima wa Handeni: Nimeshaifungua kwa bisibisi na springi imeruka.

Jibu: Basi ishia hapo. Weka vipande vyote kwenye bahasha, uvilete pamoja na kibali.

Mama Shamba: Shikamoo fundi. Kwa nini kitako cha bunduki ya marehemu mume wangu, ambayo sasa ina kibali kwa jina langu, kimepasuka palepale mti unapokutana na chuma?

Jibu: Marahaba mama, umeuliza jambo la msingi. Bunduki iliyojaa mafuta ikisimamishwa mtutu juu, mafuta hushuka polepole hadi kwenye mti, mti huwa mweusi na laini, na kila mlio hukisukuma chuma ndani yake mpaka upasuke. Tangu leo isimamishe mtutu chini juu ya kitambaa, utaona mafuta yakichuruzika. Ufa ukiwa mdogo tunaukausha na kuuunganisha kwa gundi, wala huhitaji kitako kipya.

Kijana wa Muheza: Nina bunduki mbili, ya namba 12 na ya namba 20. Je, risasi zikae mkoba mmoja?

Jibu: Hapana, kabisa. Mtutu wa 12 una upana wa takriban milimita 18.5 na wa 20 milimita 15.6, kwa hiyo risasi ya 20 huteleza kupita chemba ya 12 na kukwama mbele, nawe ukidhani hujaweka kitu utatia ya 12 nyuma yake. Mtutu utapasuka. Ndiyo maana risasi za 20 hutengenezwa za rangi ya njano.

Mama Shamba: Na mchele ndani ya soksi kabatini, unasaidia kunyonya unyevu?

Jibu: Kidogo sana mama, na huita panya. Vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu ni bora; vikusanye, na uvibadilishe kila masika.