Kurusha glaida kubwa uliyoiunda mwenyewe kwenye mashindano ya mteremko

Mwongozo huu ni wa F3F, mashindano ya kasi ya glaida za mfano zinazoongozwa kwa rimoti, yanayoendeshwa kwa kanuni za FAI (shirikisho la kimataifa la michezo ya anga): vipande 10 vya mita 100, kwenda na kurudi kando ya ukingo wa mlima, bila injini, kwa nguvu ya upepo unaopanda mteremko. Glaida nyingi huwa na mabawa ya karibu mita 3.

1. Pima kabla ya kusafiri. Uzito usizidi kilo 5, eneo la mabawa na mkia lisizidi desimita za mraba 150, na kila desimita ya mraba ibebe gramu 12 hadi 75. Pima na balasti (uzito wa ziada unaowekwa ndani ya ndege) ikiwemo. Ndege za kujiundia mara nyingi huwa nzito mkiani, na kwa kuwa mkia uko mbali na bawa, gramu moja huko hudai gramu kadhaa za madini ya risasi puani. Kwa hiyo punguza epoksi (gundi ya kujengea) mkiani tangu unapojenga.

2. Ukifika, tafuta pa kutua kwanza. Nyuma ya ukingo hewa hujikunja na kushuka ovyo. Tembea pale ulisikie badiliko la upepo usoni, ujue mahali pa kuepuka.

3. Kagua. Vuta mabawa kwa nguvu, kisha funga maungio kwa utepe. Simama nyuma ya mkia: ukisukuma stiki kulia, eleroni (kipande kinachosogea nyuma ya bawa, kuelekea ncha) ya kulia ipande na ya kushoto ishuke. Fanya jaribio la umbali la rimoti huku sevo zote (mota ndogo zinazosogeza vipande hivyo) zikifanya kazi.

4. Chagua balasti. Upepo ukivuma sana ongeza, ukilegea toa. Iwekwe kwenye kitovu cha uzito, isije ikabadili mizani ya ndege. Ukisitasita kati ya viwango viwili, mimi nakushauri uchukue kile chepesi: ndege iliyokosa mnyanyuko haina kasi ya kuuza.

5. Kurusha. Msaidizi airushe kwa nguvu, mabawa sawa, pua ikiinama kidogo kuelekea upepo. Kuanzia hapo una sekunde 30 za kuingia kwenye njia. Zitumie kupanda juu uwezavyo, kisha piga mbizi, maana kimo hicho ndicho kitakachogeuka kuwa kasi.

6. Kwenye vipande hivyo 10, fuata sauti. Mlio wa kituo (mwisho wa kila kipande, pa kugeukia) ukisikika, laza bawa na vuta elevata (usukani wa mkiani unaoinua au kushusha pua) papo hapo, flapu (vipande vya nyuma ya bawa karibu na mwili) zikishuka kidogo pamoja nayo. Kuvuta kupita kiasi hula kasi kuliko kona pana. Kaa karibu na ukingo penye mnyanyuko mkali, bila kuvuka mstari wa usalama.

7. Kutua ndiko kunakovunja ndege kubwa. Shusha flapu, inua eleroni: hizo ndizo breki. Mchanganyiko wa elevata (mpangilio wa rimoti unaosogeza elevata yenyewe breki zinapofunguka) uwe umeshaupanga na kuujaribu ukiwa juu sana, kwa sababu bila huo pua huinuka ghafla. Geukia upepo mapema. Ukiruka na upepo mgongoni karibu na ardhi, ndege huonekana ina kasi kumbe hewani inakaribia kudondoka. Usivute elevata kwa kudanganywa na macho. Ingia na kasi ya akiba hadi uvuke ile hewa mbovu, ndipo ufungue breki zote.

Ikishatua, sogeza kila eleroni na flapu kwa kidole, taratibu. Ukihisi mkwaruzo, huenda jino la gia ya sevo limevunjika. Badilisha sevo kabla ya raundi inayofuata.