Namna ya kupanga safari ya Kigoma katika kundi lisilokubaliana kuhusu barakoa na magonjwa

Kundi linaloandaa safari ya mapumziko ya kwenda Kigoma, liwe la wafanyakazi wa ofisi moja mjini Tabora au la ndugu wanaokutana mwisho wa mwaka, halikosi mtu anayeamini kwamba habari ya barakoa ilikwisha pamoja na corona, wala halikosi mwingine ambaye hawezi kukaa karibu na mtu anayekohoa. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mratibu wa kundi la namna hiyo. Msimamo wangu ni kwamba mazungumzo kuhusu magonjwa yafanyike kabla ya mtu yeyote kutoa nauli, kwa sababu Kigoma kuna hifadhi za sokwe za Gombe na Mahale, ambako mafua ya kawaida yanatosha kumzuia mtu kufanya jambo alilofungia safari.

Anza kwa kusikiliza

Kumbuka watu wametoka wapi. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata Serikali ikatangaza kufunga shule. Ndege za abiria kutoka nje zikasitishwa mwezi Aprili na kuruhusiwa tena mwezi Mei. Nchi haikuwafungia watu majumbani, misikiti na makanisa yaliendelea na ibada, daladala zikapakia levo siti, ndoo za koki zikawekwa mbele ya maduka, na watu wengi wakajifukiza kwa nyungu. Kisha tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani na kuwahimiza wananchi wachanje. Ndani ya muda mfupi mwananchi yuleyule alisikia maelekezo yaliyotofautiana sana, hivyo anayesitasita leo asihesabiwe kuwa mkaidi.

Kwa sababu hiyo, mratibu asifungue tena mjadala wa mwaka 2020. Amuulize kila msafiri swali moja linalohusu siku zijazo: ukiamka na mafua au homa asubuhi ya kupanda boti ya kwenda hifadhini, utafanya nini? Nimeona kwamba hata watu waliokuwa wakibishana vikali kuhusu chanjo hukaribiana sana wanapolijibu swali hili, kwa kuwa hakuna anayependa kuwaambukiza wenzake.

Sababu ya masharti ya Gombe na Mahale

Hapa mratibu atumie muda mwingi kuliko mahali pengine, kwa maana msafiri anayeelewa sababu ya sharti hulifuata bila kusimamiwa. Sokwe ni jamaa wa karibu sana wa binadamu kimaumbile, na magonjwa mengi ya njia ya hewa yanayotupata sisi huwapata na wao, lakini miili yao haijayazoea. Mwaka 1966 polio iliwapooza na kuwaua baadhi ya sokwe wa Gombe, wakati ambapo ugonjwa huo ulikuwapo pia kwa watu wa maeneo jirani, na watafiti waliokuwa na Jane Goodall wakalazimika kuwapa sokwe chanjo ya matone ndani ya ndizi. Mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa ulienea katika kundi la sokwe wa Mahale wanaotembelewa na wageni, na kadhaa wakafa. Vipimo vya sokwe wagonjwa wa kundi hilo viliwahi kuonyesha virusi vya jamii ya vile ambavyo kwa mtu mzima mwenye afya huleta mafua tu.

Ndiyo maana barakoa zilivaliwa Mahale miaka mingi kabla ya UVIKO-19. Mgeni hutakiwa pia kukaa umbali wa mita 10 hivi kutoka kwa sokwe, kutozidisha saa moja akiwa nao, kutokula wala kutema mate msituni, na kubaki nyuma akiwa mgonjwa. Msafiri atakayesema kwamba yeye ni mzima na kwa hiyo haoni haja ya barakoa, mweleze kwa upole kwamba mtu mwenye mafua anaweza kuwaambukiza wengine tangu siku moja kabla hajaanza kupiga chafya. Barakoa inamkinga sokwe dhidi ya ugonjwa ambao mvaaji mwenyewe bado haujui, na jambo hili halina uhusiano wowote na msimamo wake juu ya serikali au dawa za hospitali.

Nakiri kwamba suala hili linanigusa. Sokwe jike huzaa mtoto mmoja na kukaa miaka minne hadi sita kabla ya kuzaa mwingine, kwa hiyo kundi likipoteza watoto na majike kwa ugonjwa wa wiki mbili, pengo hilo huchukua miaka mingi kuzibika.

Makubaliano na fedha

Watu huficha mafua kwa sababu ya fedha. Mtu aliyelipa nauli ya treni, boti na ada ya hifadhi atameza dawa ya kikohozi asubuhi na kunyamaza, na ukali hautamfanya aseme. Tengeni basi mfuko mdogo wa kundi kwa ajili ya kumfidia sehemu ya gharama atakayebaki, na muulize mapema hifadhini na kwa mwenye boti kama malipo yanaweza kusogezwa siku nyingine. Pangeni pia kitu cha kufanya kwa aliyebaki mjini. Akiwa na mafua mepesi, anaweza kuvaa barakoa na kufika Ujiji, penye kumbukumbu ya mahali ambapo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871, na sehemu kubwa ya hapo ni uwanja wa wazi. Akiwa na homa, aende kupimwa kwanza.

Kwa wazee, mratibu kijana asitoe amri. Amsalimu mzee, amkalie chini faraghani, na aseme kwa mfano: "Baba, tunaomba baraka yako katika jambo hili. Hifadhini kila mgeni anavaa barakoa kwa ajili ya wanyama, na sisi vijana tutafarijika ukitutangulia." Mzee aliyeombwa atangulie mara nyingi ndiye atakayewakumbusha wengine. Akiwa na pumu, kisukari au shinikizo la damu, muulize daktari wake kabla ya kumpandisha milima ya Gombe, ambako njia ni za mwinuko mkali.

Hatari ambazo hazizungumzwi

Ni kawaida kwa kundi kubishana juu ya barakoa kwa wiki nzima na kusahau chandarua. Kigoma na Tabora ni miongoni mwa mikoa iliyoathirika sana na malaria, na anayetoka Zanzibar au nyanda za baridi ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi. Abebe chandarua chenye dawa na nguo za mikono mirefu za jioni.

Kipindupindu huzuka mara kwa mara katika vijiji vya mwambao. Mwezi Mei 2015 kiliua watu wapatao 30 katika kijiji cha Kagunga na Kigoma, wengi wao wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, huku meli ya MV Liemba ikiwahamisha maelfu kwenda mjini. Maji ya kunywa yachemshwe au yawe ya chupa, na migebuka na dagaa viliwe vikiwa vya moto. Ziwa Tanganyika linapendeza kuogelea, lakini kichocho kipo katika baadhi ya fukwe zilizo karibu na makazi, hasa penye majani na konokono. Waulizeni wenyeji na wahudumu wa afya kabla ya kuingia majini.

Mkoa unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo, ambako Ebola imezuka mara nyingi. Jirani wa kaskazini, Kagera, ulipata Marburg, ugonjwa wa jamii ya Ebola, mwaka 2023 na tena mwanzoni mwa 2025. Msishangae kupimwa joto bandarini au kuulizwa mlikokuwa katika siku 21 zilizopita. Swali hilo limetokana na muda ambao virusi hivyo vinaweza kukaa mwilini kabla ya dalili, na anayelijibu kwa ukweli hapunguziwi heshima.

Baada ya kurudi

Mratibu abaki na namba za simu za wasafiri wote kwa wiki tatu. Yeyote atakayepata homa katika kipindi hicho aende kituo cha afya siku hiyohiyo, aombe kipimo cha malaria, na ataje bila kuulizwa kwamba ametoka Kigoma na kama aliingia msituni au ziwani. Aliyeogelea apime kichocho wiki sita hadi nane baadaye, hata kama haumwi, kwani mapema zaidi ya hapo kipimo kinaweza kisione kitu. Kwa ushauri au taarifa ya ugonjwa unaotiliwa shaka, Wizara ya Afya hupokea simu bila malipo kwa namba 199.