Advansi ikiingia, nunua vyuma siku hiyo hiyo

Kwa mafundi wenzangu mnaoacha ajira kwenda kuchomelea kwa kujitegemea: mteja akikupa advansi ya geti, nenda duka la vyuma siku hiyo hiyo ununue kila kitu cha kazi yake, kuanzia skwea paipu na bati hadi bawaba, kitasa, vijiti vya kuchomelea na rangi ya kuzuia kutu, kabla hujatoa hata nauli ya mtoto. Sisi tuliozoea mshahara, pesa ikisoma kwenye simu tunaona kama mwisho wa mwezi umefika. Kumbe ile bado ni ya mteja. Yako ni ya ufundi, nayo inakuja geti likishasimama. Ukianza kuimega kulipa kodi ya nyumba, utajikuta unamalizia geti la huyu kwa advansi ya yule, na kila simu ikiita moyo unaruka. Nimepita huko, inauma. Risiti ipige picha umtumie mteja. Akijua vyuma vyake vimeshalala karakana anatulia, na bei ikipanda kesho haikugusi.

Njia hii inakwama vipimo visipokuwa vya mwisho. Nguzo ambazo hazijapigwa lipu bado zitanenepa, na geti ulilolipimia leo halitaingia. Hapo subiri lipu ikauke ndipo upime na kununua. Na advansi isipotosha vyuma vyote, usijazie kwa akiba yako. Mwombe mteja aongeze kwanza.