Kupiga laivu na traki: kliki kushoto, muziki kulia

Bendi isiyo na mpiga tarumbeta wala waitikiaji inaweza kuweka sauti zao kwenye traki, yaani muziki uliorekodiwa tayari unaochezwa pamoja na bendi jukwaani. Kuicheza ni rahisi. Kazi ipo kwa mpiga dramu: traki haimsubiri mtu, hivyo lazima asikie kliki, yaani mlio wa kuhesabu mapigo, na hadhira isiisikie kabisa.

Faili moja la stirio, lenye upande wa kushoto na wa kulia, linatosha. Kwenye programu ya kurekodia, fanya muziki wote uwe mono (pande mbili ziunganishwe kuwa moja), uusukume kulia kabisa. Kliki isukume kushoto kabisa. Usikilize huo muziki wa mono kabla ya kuendelea, maana kinanda kilichotanuliwa sana hufifia pande mbili zikiunganishwa. Tanguliza baa 2 za kliki tupu, yaani kliki 8 kwa wimbo wa 4/4. Hifadhi kama WAV, kilele kisizidi -6 dB. Ondoa sauti ya mwimbaji mkuu, dramu na besi: besi mbili zikigongana, spika hutoa mngurumo tu, na watu walikuja kumsikia mwimbaji mwenyewe.

Tumia waya wenye pini ya stirio ya milimita 3.5 upande mmoja, wa kuchomeka kwenye simu au laptopu inayocheza faili, na pini mbili za mono za milimita 6.35 upande wa pili. Ya kulia iende kwenye kisanduku cha DI (kinachounganisha simu au laptopu na mikisa kupitia waya wa balansi), kisha mikisa. Ya kushoto iende kwenye amplifaya ya hedifoni ya mpiga dramu. Pini ya stirio usiichomeke moja kwa moja kwenye tundu la mikisa lililo balansi, yaani linalopokea sauti moja kwa nyaya mbili. Mikisa huondoa upande mmoja kutoka kwa mwingine na kubakiza tofauti tu: hapa kliki itatoka kwenye spika, na kwa biti (muziki wa kuimbia) ya kawaida ya stirio vilivyo katikati, sauti, besi na kiki (dramu ya mguu), hupotea. Wengi hulilaumu faili bure.

Bluetooth usitumie, huchelewesha sauti. Hedifoni zizibe masikio, la sivyo kliki itaingia kwenye maiki za dramu. Laptopu ikivuma ikiwa kwenye chaji, bonyeza swichi ya athi (ya kutenganisha waya wa ardhi) ya DI au chomoa chaja. Kamwe usikate pini ya athi ya plagi.

Ukicheza faili kwa simu, iwe kwenye hali ya ndege, na programu ya kuchezea isimame kila wimbo unapoisha. Simu ya pili yenye mafaili yaleyale iwe tayari. Dramu ikiachana na traki, msiikimbilie: kwa ishara mliyokubaliana, fundi mitambo aishushe traki taratibu, bendi imalize wimbo bila traki.