Noti isiingie droo kabla chenji haijatoka

Ukiuza dukani hutamkosa mteja anayeapa kwa majina yote kwamba amekupa elfu kumi yenye tembo, wakati wewe umepokea elfu mbili yenye simba. Dawa yake: noti ukishaipokea usiitumbukize kwenye droo. Itaje kwa sauti, "Nimepokea elfu mbili," kisha ibane chini ya kikokotoo upande wako wa kaunta, mteja aione lakini asiifikie. Mpe chenji, aihesabu, ndipo uifungie.

Ubishi unakufa kwa sababu ushahidi bado uko mezani. Droo ikishameza noti, yake haitofautiki na nyingine, linabaki neno lako na lake, na foleni nzima inageuka majaji. Tena wengi hawadanganyi. Usiku, taa ikiwa hafifu, rangi za noti hizo mbili hukaribiana, na mtu anaamini kabisa alichosema. Ukimwonyesha simba anayemkodolea macho pale kaunta, anacheka mwenyewe.

Dawa hii inapogoma ni kwa yule anayebadili mawazo katikati: "Hebu nirudishie hiyo kaka, kumbe nina ndogondogo," halafu anataka umvunjie nyingine hapohapo. Usikubali noti mbili zizunguke kwa pamoja. Maliza mauzo ya kwanza, chenji yake aishike, ndipo mwanze hesabu nyingine. Na kama feni inapuliza kaunta, kikokotoo ni chepesi; weka mche wa sabuni.