Fremu za mitumba ukutani: geuza mgongo kwanza

Ukuta wa picha ukitoka kombo, mara nyingi kosa lilifanyika sakafuni, kabla nyundo haijashikwa. Fremu mpya za seti moja zina kining'inizo mahali pamoja. Za mitumba kila moja ina lake: hii ina pete moja katikati, ile waya uliolegea, nyingine mguu wa kusimamia mezani tu. Ndiyo maana unapochagua, geuza kila fremu uangalie mgongo kabla ya kupendezwa na uso.

Kwa ukuta ulio juu ya kochi la watu watatu, fremu tisa zinatosha: moja kubwa ya sentimita 40 kwa 50, tatu za karatasi ya A4, na tano za picha za studio za inchi 5 kwa 7 au 4 kwa 6. Nunua mbili zaidi, kwa kuwa lazima moja itakusaliti. Shika kona mbili zinazokabiliana, ipinde fremu taratibu. Kona ikifunguka kidogo inatengenezeka. Lakini ukiona vitobo vidogo na unga mpya wa mbao unaodondoka, irudishe. Huenda wadudu wako hai na wanaweza kuhamia kwenye kabati lako. Fremu isiyo na kioo usiikatae, bali punguza bei. Fundi vioo atakukatia cha milimita 2, ila mpe kipimo kilichopungua milimita 2 kwa urefu na kwa upana, maana masika mbao huvimba na kioo kilichobana huweza kupasuka chenyewe.

Kona iliyoachia: toa gundi kuukuu kwa kisu, paka gundi ya mbao, kisha izungushie fremu nzima ukanda wa tyubu ya baiskeli, uuvute ubane kona zote nne. Kabla gundi haijashika pima kwa mshazari, kona hadi kona inayoikabili, pande zote mbili. Vipimo viwili vikilingana, fremu iko skweya. Visipolingana, sukuma kwa ndani kona za kipimo kilicho kirefu. Iache hadi kesho yake.

Kuhusu rangi, kuzipaka zote nyeusi ni kuharibu sababu ya kwenda mitumbani. Paka mbili au tatu mbaya kuliko zote, piga msasa namba 120 kisha 220 kwanza, zilizobaki ziache na mbao yao. Kinachounganisha ukuta kiwe kitu kimoja tu, kwa mfano karatasi nyeupe ngumu inayoizunguka kila picha kwa ndani. Karatasi hiyo ina kazi nyingine pia: inaitenga picha na kioo. Kwenye joto la unyevu la Tanga au Mombasa, picha ya studio inayogusa kioo hunata. Ukikuta imeshanata, usiivute. Ipige picha ikiwa humo humo, uchapishe nakala. Mchoro wa Tingatinga wa rangi ya mafuta hauhitaji kioo kabisa. Kipande cha kanga chenye jina lake kinahitaji, vumbi lisije likazamia kwenye pamba.

Vioo vifute kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo. Lowesha kitambaa, siyo kioo, maji yasipenye pembeni yakaichafua picha.

Sasa mgongo. Ng'oa vining'inizo vyote vya zamani. Funga pete mbili, kushoto na kulia, kwenye theluthi ya juu ya fremu, kwa skrubu fupi kuliko unene wa mbao. Pitisha waya wenye ulegevu kidogo. Halafu uvute waya juu kwa kidole, kama msumari utakavyouvuta, upime kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi kwenye kidole. Tuseme ni sentimita 6. Hiyo 6 ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayofanya fremu ikae chini ya pale ulipoikusudia.

Kata gazeti kwa ukubwa wa kila fremu, andika juu yake ni ipi, na utie nukta ya msumari kwa kipimo hicho. Panga fremu zenyewe kwenye mkeka, kubwa ikae pembeni kidogo ya katikati, nafasi kati yao sentimita 5. Zikizidi 8, jicho linaona picha tisa badala ya ukuta mmoja. Panda kwenye stuli uzipige picha kwa simu. Upande uliolemewa utauona hapo hapo.

Kochi likiwa na sentimita 190, kundi zima liwe na upana wa 125 hadi 135, na ukingo wa chini uwe 15 hadi 20 juu ya mgongo wa kochi, vichwa vya wageni visigonge. Bandika magazeti kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi, nyoosha kwa pima maji, kisha gonga ukipitia kwenye nukta.

Gongagonga ukuta kwa kidole kwanza. Sauti ya debe tupu maana yake lipu imeachia, na msumari utaing'oa kipande. Wima juu ya soketi au swichi usiguse, nyaya hupita hapo. Kwa fremu ndogo, msumari wa zege wa inchi moja na nusu uingie kwa mshazari, kichwa kikiwa juu: mfupi zaidi huishia kwenye lipu bila kufika kwenye tofali. Fremu kubwa yenye kioo itobolee ukuta kwa drili biti namba 6, tia fisha namba 6 (kile kizibo cha plastiki kinachoshika skrubu) na skrubu ya milimita 40. Weka mbili kwa usawa, zikiachana sentimita 20, isipinde kila mlango ukibamizwa. Kwa hii, pima waya tena ukiuvuta kwa vidole viwili vilivyoachana hivyo hivyo.

Mwisho, kata vipande vidogo vya kandambili iliyokatika, ubandike nyuma ya kona mbili za chini za kila fremu. Fremu haitateleza, na hewa itapita nyuma yake. Bila hivyo, masika yakiisha unaweza kukuta alama ya kuvu ya mraba ukutani.